Mguu wa Kushoto wa Baba

Tarehe 4, mwezi wa pili

Kwako dada yangu, mama wa watoto, mke wa shemeji yangu anayekoroma,

Hujambo? Mimi sijambo, shida ni ndogondogo tu, hazistahili stempu. Watoto wanasoma au wanasomwa? Shemeji bado analinda lile ghala, au ghala ndilo linamlinda yeye akiwa amelala? Mwambie namsalimu kwa sauti ya chini, nisimwamshe. Na Mzee wetu je, ule mgongo? Fundi aliyenyoosha kuta za mji mzima kwa timazi, halafu mgongo wake mwenyewe ndio uliokataa timazi. Mpe shikamoo yangu, ya magoti yote mawili.

Dada, nimepata kazi. Kaa chini kwanza. Umekaa? Na mimi nimekaa, ndiyo kazi yenyewe! Mtaa wa nyuma ya maduka ya vipuri kuna nyumba wameandika mlangoni TIBA YA SINDANO. Si ile sindano uliyokuwa unaikimbia mpaka Mama anakudaka kwa gauni. Hii ni nyembamba kama unywele, haina dawa ndani. Unalazwa, unachomwa huku na huku, unaachwa hapo kama nungunungu aliyechoka maisha. Ukutani kuna picha ya mtu uchi, hana haya, vidoti mwili mzima kama ana surua. Kidoti cha mkononi ni cha tumbo, cha mguuni ni cha kichwa. Mimi nilidhani waliibandika wakiwa na haraka.

Na mimi mwenyewe, dada, mgongo ulinikamata. Mguu wa kushoto hauendi, kama wa Mzee kabisa. Nikaingia pale nimepinda kama mundu, nikatoka nimenyooka kama msumari mpya. Benchi zima likapiga makofi.

Sasa hapa ruka. Najua unamsomea Mzee barua zangu kwa sababu chokaa imemla macho. Kipande hiki usimsomee mpaka nikuambie.

Sijaumwa kitu. Kazi yangu ni kuumwa. Bosi mwenye nyumba, ambaye hajui hata kushona kifungo, amegundua kwamba wagonjwa wakikaa benchini wanaogopa, wengine wanaondoka. Basi mimi nakaa katikati yao, nalia kidogo, napiga soga, zamu yangu ikifika napita nyuma ya pazia, nakunywa chai, halafu natoka mzima. Jumatatu mgongo, Jumanne shingo, Jumatano kichwa. Alhamisi nabadili kofia. Mchomaji mwenyewe, mama mtu mzima tunamwita Bi Sindano, hanipendi hata kidogo. Aliniambia, "Wewe ugonjwa wako uko ulimini, na huko sichomi."

Lakini mgongo, dada, mgongo ndio chakula changu! Ni ule wa Mzee, nimeunakili kila kitu. Mkono kiunoni, mguu wa kushoto unaburutwa nyuma, hatua chache, halafu anasimama na kuangalia ukuta wa watu kama anaukagua, ili asionekane amesimama kwa maumivu. Hata ile kuangalia ukuta nimeweka. Watu wanatokwa machozi. Mzee akijua mguu wake unafanya kazi huku bila ruhusa atanilaani, ndiyo maana nasema ruka.

Haya, endelea kumsomea. Mzee, watu huku wanapona! Nawasalimu wote, paka pia.

Mimi mdogo wako,
Chiriku

.

Tarehe 27, mwezi wa pili

Kwako Chiriku,

Salamu zimefika. Sisi wazima, ukiacha tusio wazima. Watoto wanasoma. Shemeji yako anasema ghala liko salama na ndoto zake pia. Mimi niko na cherehani, sare za shule, kola mia na shingo yangu moja. Paka alikufa mwaka jana. Nilikuandikia.

Kazi yako nimeisoma. Mama alikuwa anasema mdomo wako utakulisha, hakusema utamla nani.

Baba mgongo umepanda cheo. Maumivu yanashuka pajani mpaka kisigino, akikohoa anashika meza. Nilimpeleka hospitali. Daktari wa mifupa alimpiga picha, akaiweka kwenye taa akatuonyesha: pingili za chini zimebanana, kile kinyama laini cha katikati kimechomoza, kinabana neva. Amesema Baba apumzike, ameze dawa, arudi mwisho wa mwezi wa tatu. Hali isipotulia watampasua. Akasema pia kuna dalili fulani tukiziona tusingoje tarehe, tuje mbio. Akazitaja zote mbele yangu, bila kuficha. Baba akawa anaangalia ukuta.

Tangu siku ile hajasema ndiyo wala hapana. Unajua anachofikiria. Mama aliingia kwenye kile chumba cha upasuaji akiwa ametembea kwa miguu yake, akatuachia viatu mlangoni.

Amenisimamisha kushona ili nikuulize: hiyo sindano inauma? Na mtu anachomwa wapi hasa?

Nimemaliza uzi.

Dada yako

.

Tarehe 18, mwezi wa tatu

Kwako dada, jemadari wa kola,

Salamu nyingi, zigawe kwa haki, Shemeji mpe akiwa macho. Pole ya paka. Barua ile sikuipata, au niliipata nikaifungia karanga, Mungu anajua. Mimi mzima. Chumba nilichopanga kinavuja upande mmoja tu, kwa hiyo nalala upande wa pili na mwenye nyumba ananiona nina bahati.

Mzee, shikamoo! Swali lako ni zuri. Sindano haiumi. Ni kama chungu mdogo amekuuma, akajutia. Halafu unasikia uzito, kama mtu amekuwekea kidole ndani ya nyama. Unachomwa kiunoni, nyuma ya goti, na pembeni ya kifundo cha mguu. Halafu unalala usingizi. Mmoja alikoroma mpaka nikamkumbuka Shemeji.

Nisikilizeni, sasa siongei mzaha. Nilikuja hapa nikijua ni biashara ya maneno, lakini kuna watu wanapata nafuu kweli. Yuko dereva wa lori, yule anayepita huko kwetu na mizigo ya saruji, alikuwa akishuka kwenye gari anashuka kama anazaliwa. Kiuno. Sasa anaruka. Yuko mama muuza vitambaa, kipandauso kila wiki, alikuwa anajifunga kichwa na kila kitambaa cha dukani. Siku hizi kinamjia kwa nadra. Mwalimu mstaafu wa goti anapanda ngazi akihesabu kwa sauti ili tumsikie. Mjamzito mmoja alikuwa anatapika hata akiona chai, alichomwa hapa ndani ya mkono, juu kidogo ya kiganja, wiki iliyofuata alikuja anatafuna mkate. Mwingine ni taya, mwingine hapati usingizi. Hawaponi wote. Wengine wanasema afadhali kidogo, wengine wanasema wametobolewa bure.

Shida ya Bi Sindano ni moja, anafukuza wateja. Juzi kaja mtu kifua kinambana na jasho linamtoka, hata hakumlaza. "Hospitali, sasa hivi," akamsimamishia gari yeye mwenyewe. Kaja mama ana uvimbe kwenye titi, naye kamwandikia jina la daktari. Bosi amevimba kuliko ule uvimbe. Anamwambia, "Mama, hili ni duka!" Naye anamwambia, "Basi uza chumvi."

Sasa Mzee, neno langu. Hicho kisu usikikubali kwanza. Kisu kazi yake inajulikana, waulize kuku. Na sisi tunakijua, si tulibaki na viatu? Ngojeni nije. Mwezi wa tano bosi atanipa ruhusa, nije nikuchukue mwenyewe kwa lori la huyu dereva, ulazwe hapa, Bi Sindano akushike. Nitamweleza habari zako zote. Bado sijamweleza, nasubiri siku ambayo ataniangalia bila kusonya.

Dada, shingo yako na hizo kola, hata wewe ungefaa kuja. Tungekodi benchi la ukoo.

Chiriku, mgonjwa wa kudumu

.

Tarehe 21, mwezi wa nne

Kwako Chiriku,

Wazima. Mvua zimeanza, zimekuja kama zimetumwa.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya ile tarehe ya daktari. Zako huchelewa siku zote, siku hiyo ikawahi. Nilimsomea. Asubuhi yake nikaweka maji ya kuoga, nikampigia pasi shati, nikamkuta amekaa kitandani na singlendi. Akasema, "Haendi mtu. Mwanangu anakuja kunichukua."

Nilisema nilichoweza kusema. Unamjua Baba, ukimsukuma anageuka zege.

Mguu wa kushoto umekufa ganzi. Sasa na wa kulia unafuata. Anasema hauumi sana tena, anasema ni dalili nzuri, maumivu yanaondoka yenyewe kwa sababu yamesikia unakuja. Ni mzaha wake. Umeutoa kwake huo ugonjwa.

Nafua mashuka kila siku na mvua hii hayakauki. Nimefunga kamba mpaka ndani, watoto wanapita chini yake kama wako sokoni.

Mengine si ya kuandikwa. Mimi ni binti yake, wewe ndiye mtoto wa kiume, ungekuwepo ungeyaona mwenyewe na yasingehitaji mdomo wa mtu. Umesema mwezi wa tano. Njoo wa nne.

Dada yako

.

Tarehe 13, mwezi wa tano

Dada,

Salamu ni zilezile. Barua yako ya tarehe 21 nimeipata juzi, ilikaa kwenye sanduku la posta la bosi chini ya bili za umeme. Nakuandikia nimesimama, dereva wa lori ananingoja na injini inanguruma. Yeye ndiye atakayekupa hii mkononi.

Nitakuambia ilivyokuwa.

Jana ilikuwa zamu ya mgongo. Benchi lilikuwa limejaa na watu wamenuna, bosi ananikonyeza niwachangamshe. Nikaanza. Nikaburuta mguu, nikasimama, nikaangalia ukuta. Lakini hadithi ya mgongo nimeshaichosha, hata dereva anaijua kwa moyo. Basi nikaongeza chumvi. Nikatumia barua yako, dada. Nikasema, "Jamani, mwenzenu nimekwisha! Mguu wa kushoto ganzi, wa kulia unafuata kama bibi harusi. Na mke wangu kutwa anafua mashuka, nyumba nzima kamba, watoto wanapita chini kama sokoni!"

Benchi likacheka. Mama wa vitambaa akasema, "Mashuka tena? Unalala na nani wewe, na bata?"

Nikasema, "Jasho, mama! Jasho la maumivu!" Kwa sababu mimi ndivyo nilivyoelewa. Wallahi nilijua ni jasho.

Pazia likafunguka. Bi Sindano akatoka, ana sindano bado mkononi, nyuma yake nasikia mtu anauliza, "Mama, na mimi huku?" Akaja mpaka mbele yangu. Siku zote huwa ananiangalia kama uchafu wa kiatu, jana aliniangalia kama mtu. Akaniuliza mbele ya wote:

"Unashika mkojo?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi pia nikacheka. Nikasema, "Nikiushika utanilowesha mikono, mama."

Hakucheka. "Unapoketi, hapo unapokalia, ukiguswa unasikia? Choo je, kinakujia unajua?"

Nikasema, "Mama, si mimi."

"Ni nani?"

"Ni baba yangu."

Nikamsikia mwalimu wa goti akivuta pumzi, dada. Bi Sindano akaziweka sindano kwenye sinia la bati, taratibu. Akasema hiyo si kazi ya sindano, hata angekuwa na sindano za dunia nzima. Akasema neva za chini zimebanwa zote, zile za miguu na za haja, na kinachotakiwa ni mpasuaji, na si kesho. Akasema mgonjwa kama huyo angekuja hapa angemrudishia mlangoni. Akaniuliza, "Ganzi imeanza lini?" Nikakumbuka tarehe ya barua yako. Akafumba macho.

Bosi akaniambia nirudi kukaa, eti nimeharibu benchi.

Dada, sikuulizi kitu. Usinijibu. Mpeleke Mzee leo hii unaposoma, hata kwa mkokoteni. Akikataa mbebeni. Akisema ananingoja mwambie siji, mwambie nimekufa, mwambie lolote. Kile nilichosema kuhusu kisu, mwambie ni mdomo tu.

Dereva anapiga honi.

Mdogo wako

.

Tarehe 30, mwezi wa tano

Kwako,

Salamu utazipata kwa wengine.

Dereva wako alifika Jumanne. Ni mtu mzuri, alivua kofia. Baba tulishampeleka Jumapili. Aliamka anataka kwenda uani, akaweka miguu chini, miguu haikuwepo. Seremala wa jirani aling'oa mlango wake wa chumbani, tukamlaza juu yake, wakambeba yeye na shemeji yako na wengine wawili mpaka kwenye gari. Njia nzima Baba anamwambia seremala bawaba zake ni mbovu.

Walimpasua siku ileile. Hakufa. Kile chumba alichokuwa anakiogopa kimemrudisha mzima, mwambie na kuku wako. Daktari akaniita pembeni. Kasema kazi imeenda vizuri, ila neva imebanwa muda mrefu mno. Kasema ingekuwa mwisho wa mwezi wa tatu, au hata ganzi ilipoanza, angeondoka anatembea. Sasa hajui. Alivyosema hajui, nilijua anajua.

Miguu yote miwili ipo ila haimsikii. Ana mpira wa mkojo na kifuko, mimi ndiye nakimwaga. Aibu tuliyokuwa tunaificha kwenye kamba za mashuka sasa inaning'inia pembeni ya kitanda, kila anayekuja kumwona anaiona kwanza.

Daktari alimuuliza kwa nini hakurudi tarehe yake. Nilikuwa nimesimama hapo. Baba akajibu, kwa fahari kabisa, "Mwanangu mgongo ulimkamata hivihivi, mguu huuhuu wa kushoto. Akachomwa sindano akanyooka. Nilikuwa namngoja anipeleke."

Umeelewa?

Barua yako ya kwanza uliniambia niruke, nikaruka. Nilimsomea umeingia umepinda kama mundu ukatoka umenyooka kama msumari. Nilimsomea makofi. Nikafika uliposema ruka, nikanyamaza, nikageuza karatasi, nikaendelea uliposema endelea. Uso wake ulikuwa umejaa nuru, Chiriku, kwa mara ya kwanza tangu viatu vya Mama. Akaniambia, "Soma tena hapo." Nikasoma tena. Wiki nzima nilisoma tena hapo. Ningemwambiaje? Kwamba mwanawe analipwa kuchechemea? Nikasema acha afurahi, ni barua tu.

Na dalili zile ziliponifikia usoni, asubuhi ile nilipoona shuka, alinishika mkono akasema nikimwambia mtu yeyote mimi si mwanawe. Nikafua. Wewe ulisema, mimi nikaruka, yeye akaficha. Ukoo mzima tumeshirikiana, kama tunajenga nyumba.

Bado hajui. Anauliza utafika lini.

Dada yako

.

Tarehe 24, mwezi wa sita

Kwako dada,

Nimeandika salamu mara nyingi nikachana. Basi hamjambo.

Nilitaka kuanza na mzaha kuhusu mlango wa seremala. Nilikuwa nao, mzuri. Nimeufuta.

Bado niko benchini. Utasema sina haya, na ni kweli, lakini mtu ale nini. Nilimwambia bosi mgongo sifanyi tena, nafanya kichwa na taya. Alikubali, halafu Jumatatu iliyopita benchi likawa limelala akanikonyeza mgongo. Nikakataa kwa kichwa. Akanikonyeza tena. Nikasimama, nikaweka mkono kiunoni. Mguu ukaenda wenyewe, dada, ulijiburuta kama unavyojua. Nikafika katikati ya chumba, nikasimama kuangalia ukuta, na sikuweza kuondoka pale. Sikuwa naigiza. Sikuwa naumwa pia. Nilisimama tu. Watu walisema hawajawahi kuona mgonjwa kama yule. Bosi alifurahi sana.

Bi Sindano alinipa chai kwa mkono wake. Hakusema pole. Aliniuliza kama Mzee ana vidonda vya kulalia, akasema umgeuze mara kwa mara, mgongo na visigino visikae mahali pamoja. Akasema miguu ikija kumletea maumivu ya kuwaka baadaye, yale sindano zinaweza kumpunguzia kidogo. Kidogo, alirudia. Nikamuuliza, na kutembea? Akaanza kuosha vikombe.

Nataka kuja. Ruhusa nimepata, dereva yuko tayari. Kinachonizuia si safari. Dada, umeshamwambia? Nikiingia hapo, nitaingia kama aliyepona mgongo au kama nani? Akiniuliza nilichomwa wapi nitamwonyesha wapi?

Ukitaka tumwache na imani yake nitaibeba. Kudanganya ni kazi yangu, nina ujuzi. Sema wewe.

Ndugu yako

.

Tarehe 15, mwezi wa nane

Kwako Chiriku,

Nimekawia kwa makusudi. Mkono ulikuwa unataka kuandika mambo ambayo kalamu ingeyajutia.

Watoto wazima. Shemeji yako siku hizi halali ghalani, analala hapa chini, kando ya kitanda cha Baba, kumgeuza. Hakoromi. Sijui alijifunzia wapi.

Umesema niseme mimi. Kwa hiyo hata hili nibebe mimi. Sawa. Jumamosi nilisimamisha cherehani, nikachukua barua zako zote, nikakaa naye nikazisoma kutoka ya kwanza. Sikuruka kitu.

Kwenye yule mtu wa surua ukutani alicheka mpaka kifuko kikatikisika. Kwenye "kazi yangu ni kuumwa" alisema, "Eh." Kisha nikasoma ule mguu, mkono kiunoni, hatua chache, kusimama, ukuta. Akaniambia nisimame hapo. Nikasikia seremala wa jirani anapiga mbao randa, anaimaliza, anaanza nyingine.

Akauliza, "Mguu upi?"

Nikamwambia, "Wa kushoto."

"Na ukuta anaangalia?"

"Kaandika anaangalia."

Akasema, "Kumbe mlikuwa mnaona. Miaka yote nilidhani nawaficha."

Nikamalizia zilizobaki. Ile ya Bi Sindano aliisikiliza amefumba macho. Nilipofika mwisho sikujua anilaani mimi au wewe, nilikuwa nimejiandaa kwa vyote viwili. Hakulaani mtu. Ningependa angelaani, ningejua pa kusimama.

Akanituma nikuandikie haya, na kanikataza kuongeza wala kupunguza:

"Mwambie mguu wangu uko kwake, aulete mwenyewe. Asilete dawa, asilete sindano, asilete maneno. Akifika mlangoni asinisalimie kwanza. Atembee kutoka mlangoni mpaka kitandani kama anavyotembea mbele ya wale watu wake, nione nilivyokuwa naenda. Na katikati asimame, auangalie ukuta vizuri. Ule niliujenga mimi."

Hayo ni yake.

Yangu ni haya. Chakula utakikuta, kitanda utakikuta, utamgeuza usiku na kumwaga kifuko asubuhi kama sisi wengine. Ila siku utakayoingia, nitakuwa uani nafua mashuka. Usiniite nije kuona.

Dada yako